Tumfundishe mtoto wa Goma polepole ya ardhi

Hotuba kwa walimu na wazazi wa shule za msingi, Goma

Walimu wenzangu, wababa na wamama, wakurugenzi wa shule, na ninyi wazazi mliofunga vibanda vyenu mapema ili mje kukaa nasi, nawasalimu nyote.

Nimeombwa niseme juu ya namna ya kuwafundisha watoto jinsi ganda la dunia linavyobadilika. Nina jambo moja tu la kusema. Mtoto wa Goma anaijua haraka ya ardhi. Jioni ile ya tarehe 22 Mei 2021, mlima wetu wa volkano, Nyiragongo, ulipolipuka, alibebwa mgongoni au alishikwa mkono, wengine kuelekea Gisenyi, wengine kuelekea Sake, na anga nyuma yake lilikuwa jekundu. Kama alikuwa hajazaliwa, amesimuliwa na dada yake. Haraka hiyo haihitaji mwalimu. Ambacho hakuna mtu amemwonyesha ni polepole ya ardhi: milimita zinazokwenda bila kelele, mvua inayokula mlima, jiwe linalogeuka udongo. Hiyo ndiyo kazi yetu sisi wa darasani, na bila hiyo hata ile haraka aliyoiona kwa macho yake hataielewa.

Vitabu tulivyo navyo vinaanza na mchoro wa dunia iliyokatwa katikati, rangi tatu au nne, kila rangi na jina lake. Mtoto anakariri majina kwa Kifaransa, anayaandika siku ya mtihani, anapata alama zake. Sina ugomvi na majina. Lakini nimekaa nyuma ya madarasa, nikamsikia mtoto akitaja matabaka yote bila kukosea hata moja. Wakati wa mapumziko nikamwuliza: mwanangu, hili jiwe jeusi unalokalia lina umri gani? Akanijibu bila kusita kwamba liko hapo tangu Mungu alipoumba dunia. Jiwe lile ni lava ya Januari 2002. Mama yake mzazi ni mkubwa kuliko hilo jiwe.

Walimu, jibu la mtoto huyo lina uzito. Mtoto anayedhani mawe yote yana umri mmoja atadhani pia kwamba ardhi inalala usingizi kabisa, halafu siku moja inaamka kwa hasira, halafu inalala tena. Akikua, atafanya moja kati ya mambo mawili. Ama ataishi na hofu kila siku, akisikia lori kubwa linapita anaruka kitandani. Ama atasahau kabisa, na atanunua kiwanja juu ya ufa uleule uliofunguka mwaka 2002, kwa sababu umefunikwa na majani na bei yake ni nzuri. Wote tunawajua watu wa aina zote mbili. Wengine tumewafundisha sisi.

Basi tuanzie wapi? Nasema tuanzie na mawe, kwa sababu Goma ni mji ambao mawe yake yana tarehe. Sehemu nyingi za dunia mwalimu akitaka kusema jiwe hili ni la lini, inabidi ataje mamilioni ya miaka, na mtoto hana pa kuyashikia. Sisi tuna mawe ambayo bibi anaweza kuyatolea ushahidi.

Ukitoka mjini kuelekea Kibati utakuta lava ya 2021, ile iliyoshuka hadi Buhene ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Katikati ya mji una ile ya tarehe 17 Januari 2002, iliyopita juu ya sehemu ya njia ya ndege, ikakata mji vipande viwili na kuingia ziwani. Upande wa kaskazini kuna ile ya tarehe 10 Januari 1977, siku ambayo ziwa la lava lililokuwa ndani ya shimo la Nyiragongo lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo sana, kwa hiyo ni majimaji na inakimbia. Kule juu mlimani siku ile ilikwenda kwa kasi ya gari. Na ukichukua barabara ya Sake, kabla ya kufika utavuka lava ya Nyamulagira, volkano jirani, ya miaka ya 1938 hadi 1940, ambayo nayo ilifika ziwani. Mawe ya nyakati nne, kwenye mji mmoja na barabara moja. Mwalimu gani wa Kinshasa au wa Paris ana darasa la namna hiyo?

Mpe mtoto jiwe la 2021 na jiwe la 2002, moja mkono huu, moja mkono ule, na kioo cha kukuzia kama shule inacho. Usiseme kitu kwanza. Mwache aangalie. Lile jipya ni jeusi sana, kingo zake zinakata, na matundu yake madogo madogo, ambamo gesi ilitokea jiwe lilipokuwa bado linapoa, bado ni safi. Kwenye lile la 2002, kingo zimeanza kulegea. Ndani ya matundu kuna vumbi. Na juu yake, kama limekaa mahali penye unyevu, kuna kitu cha kijivu kilichosimama vijiti vijiti, vifupi kuliko kucha ya mtoto. Wataalamu wanakiita Stereocaulon vulcani. Ni kuvu na mwani vinavyoishi pamoja, na ndicho kiumbe kinachotangulia kukaa juu ya lava yetu. Kinashika jiwe, kinalitafuna kidogo kidogo kwa asidi yake, kinakamata vumbi linalopita na upepo. Kikifa, kinaacha chembe za udongo. Baada yake kangaga anapata pa kupenyeza mzizi, na mzizi unapanua ufa, na maji ya mvua yanaingia ndani ya ufa.

Nilimwona mwalimu mmoja, mama wa darasa la nne, akiwainamisha watoto wake juu ya ufa mmoja katika lava iliyo nyuma ya choo cha shule. Kangaga ilikuwa imeota humo. Aliing'oa taratibu, akaipindua, na chini ya mizizi kulikuwa na udongo mweusi, unene wa kidole kimoja cha mtoto. Akawaambia: huu haukuletwa na kigari cha chukudu, umezaliwa hapa. Watoto wakaupitisha mkono kwa mkono, wakaunusa. Kisha akaurudisha mmea mahali pake na kuushindilia. Somo lile lilichukua muda mfupi kuliko kuandika tarehe na kichwa cha somo ubaoni, na nina hakika watoto wale hawatasema tena kwamba jiwe halibadiliki.

Kwenye lava ya 1938 kuna vichaka na miti. Mtoto akiona zile hatua nne kwa mpangilio, jiwe tupu, jiwe la kijivu, kangaga, mti, tayari ana kitu ambacho hakuna mchoro wa kitabu unaweza kumpa: ameona muda ukiwa umelala barabarani.

Kuna jambo lingine dogo ambalo watoto hulipenda. Pale ambapo lava ya zamani haijafunikwa na nyumba, uso wake una mikunjo iliyopinda, mkunjo baada ya mkunjo. Mgongo wa mkunjo unaelekea kule lava ilikokuwa inakwenda. Mwambie mtoto asimame juu yake na anyooshe mkono aonyeshe ilikotoka na ilikokuwa inakwenda. Atakuonyesha mlima kwa mkono mmoja na ziwa kwa mkono mwingine, na hutakuwa umemwambia.

Sasa nije kwenye milimita, maana hapo ndipo watoto wa darasa la tano na la sita wanaweza kufanya hesabu wao wenyewe.

Sisi tunakaa ndani ya bonde la ufa. Tawi hili la magharibi linatoka ziwa Albert, linapita Edward, Kivu, Tanganyika, linashuka hadi ziwa Malawi. Upande wa Masisi na upande wa Rwanda vinaachana. Mwendo wenyewe hapa kwetu ni kama milimita 2 kwa mwaka. Mwambie mtoto achore milimita 2 kwa rula kwenye daftari lake. Ni kitu kidogo hata penseli isiyochongwa vizuri inakifunika. Halafu azidishe kwa umri wake: mtoto wa miaka 10 tayari pande hizi mbili zimeachana sentimita 2 tangu azaliwe. Kutoka 1977 hadi 2002 ni miaka 25, sawa na sentimita 5. Na kilomita moja? Hapo waache wapige kelele, washindane, wafute, waanze upya. Jibu ni miaka 500,000. Mtoto akishalipata jibu hilo kwa jasho lake, muulize upana wa ziwa anaouona kutoka ufukweni, na usimjibu. Mwache alale nalo.

Lakini mwendo huo hauendi sawa kila siku, na hapa ndipo polepole na haraka vinakutana. Mtoto yeyote wa Birere amewahi kusukuma chukudu iliyobeba mzigo, gurudumu likakwama kwenye jiwe. Unasukuma, haiendi. Unaongeza nguvu, haiendi. Mikono inatetemeka, nguvu inajikusanya, na ghafla chukudu inaruka mbele hatua nzima na wewe unakaribia kuanguka. Ardhi yetu ndivyo inavyofanya. Miaka na miaka inavutwa, mwamba umeshikana na hautaki kuachia, kisha siku moja unaachia, na deni la miaka mingi linalipwa kwa siku chache. Mwaka 2002 nyufa zilifunguka kutoka mlimani hadi mjini, na katika siku zile ardhi ya kando ya ziwa ilishuka kwa makumi ya sentimita. Mwaka 2021, baada ya lava kusimama, magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliendelea kusafiri chini ya mji wetu na chini ya ziwa bila kutoka juu. Mnakumbuka matetemeko yale ya mchana na usiku, na nyufa zilizokatiza barabara, na amri ya tarehe 27 Mei ya kuhama. Huko Afar, nchini Ethiopia, mwezi Septemba 2005, ardhi ilifunguka kwa urefu wa kilomita 60, na mahali pengine pande mbili ziliachana hadi mita 8 kwa muda wa siku chache tu.

Kwa hiyo nawasihi: msifundishe tetemeko sura ya tatu na bonde la ufa sura ya saba kana kwamba ni vitu viwili visivyojuana. Ni kitu kimoja. Milimita 2 za daftari na ile jioni nyekundu ni kitu kimoja. Mtoto akiliona hilo, tetemeko linabaki la kutisha, ndiyo, lakini linakuwa na sababu, na kitu chenye sababu unaweza kukiuliza maswali, unaweza kukipima. Ndipo ataelewa wale wafanyakazi wa OVG, kituo cha Goma cha kuchunguza volkano, wanafanya nini na mashine zao, na kwa nini rangi ya tahadhari inatoka kijani kwenda manjano kabla mtu yeyote hajaona moshi.

Ziwa letu Kivu nalo lina habari yake, na mimi naipenda kuliko zote. Zamani mto uliotoka eneo hili ulikwenda kaskazini, kuelekea ziwa Edward na hatimaye Nile. Volkano za Virunga zikainuka katikati ya bonde, lava juu ya lava, zikaziba njia. Maji yakakosa pa kutokea. Yakapanda. Yakapanda hadi yakapata mlango upande wa kusini, pale Bukavu, yakaanza kumwagika kuelekea Tanganyika, kiasi cha miaka 10,000 iliyopita. Huo mlango ndio Ruzizi. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya bahari, na Tanganyika iko chini yake kwa karibu mita 700. Ndiyo maana Ruzizi ina nguvu, ndiyo maana bwawa la kwanza la umeme lilijengwa Mururu miaka ya 1950. Mtoto mwenye shangazi Bukavu mwambie hivi: taa ya shangazi yako inawaka kwa sababu milima unayoiona dirishani ilizuia mto. Mto uligeuka. Nchi nzima iligeuza maji yake. Na hakuna aliyekuwa hai siku hiyo ambaye angeweza kusema, leo ndiyo siku umegeuka.

Milima yenyewe mwonyesheni asubuhi mawingu yakiwa hayajapanda. Nyiragongo ana shimo lake zima na mabega yake yamenyooka. Mikeno, pembeni, ni mzee. Mvua imemchonga hadi amebaki meno meno. Hakuna haja ya maneno mengi. Mtoto anaona mwenyewe nani mkubwa kwa nani.

Nimesema mvua, na hapa lazima niseme kwa uangalifu. Tarehe 4 Mei 2023, kule Kalehe, katika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, mvua ilishusha maji, tope na mawe makubwa kutoka milimani, siku ya soko. Watu zaidi ya 400 walikufa. Wamo kati yetu waliozika. Wamo darasani watoto waliotoka kule. Mmomonyoko ndiyo nusu nyingine ya somo letu: volkano inaongeza, maji yanapunguza, na kile kilichopunguzwa kinakwenda kulala mahali pengine tabaka juu ya tabaka. Hatuwezi kuifundisha nusu hiyo tukakaa kimya juu ya Kalehe, watoto watatuona waongo. Lakini usianze na Kalehe. Anza na chupa.

Chukua chupa ya plastiki, tia kokoto kidogo, mchanga wa ziwani, udongo mwekundu kutoka Masisi kama kuna anayeweza kukuletea, jaza maji, funika, kila mtoto aitikise kwa zamu. Weka dirishani. Kokoto zinatua papo hapo, mchanga unafuata, udongo laini unakaa ukielea hata hadi kesho yake, ndipo unashuka. Watoto watakuja asubuhi wakikimbilia ile chupa kabla ya kusalimia. Kisha uwaulize: ukiona tabaka la mawe makubwa chini, maji yaliyoyaleta yalikuwa na nguvu gani? Wakishajibu hilo, wameshajua kusoma bonde lolote. Mtoto wa Kalehe naye, akitaka kusema, atasema. Asipotaka, usimwulize mbele ya wenzake.

Kuna watoto waliotoka upande wa Rubaya, ambao baba zao au kaka zao wamechimba koltani. Hao wana somo lao ambalo wengine hawana. Madini yale yalipoa ndani kabisa ya ganda la dunia karibu miaka bilioni 1 iliyopita, kilomita kadhaa chini. Sasa kaka anayafikia kwa koleo. Muulize mtoto: ule mwamba wote uliokuwa juu yake ulikwenda wapi? Ni ileile kazi ya chupa, imefanywa na mvua kwa muda ambao sisi hatuwezi kuufikiria, tunaweza tu kuuandika.

Mmoja wenu aliniuliza pale mlangoni afanye nini mtoto anaposema kwamba Nyiragongo anawaka kwa sababu mizimu imekasirika, au kwa sababu ya dhambi za mji. Nasema, mwache amalize. Hayo ameyapata kwa babu yake au kanisani, na babu yake si adui wa somo letu. Wazee waliosimulia kwamba mizimu inakaa ndani ya shimo walikuwa wakiwaambia watoto wasikaribie, na hapo walikuwa na haki kabisa. Usimcheke, na usiruhusu wenzake wamcheke. Mwambie: mimi nitakuonyesha jiwe linasema nini, na wewe kamuulize babu mwaka 1977 alikuwa wapi. Atarudi na habari ambazo hakuna kitabu kinazo. Nimewaona watoto wakirudi na jina la mtu aliyepoteza ng'ombe wake, na mti ambao lava iliuzunguka, mti ukaungua, likabaki tundu refu ndani ya jiwe lenye umbo la shina. Babu amekuwa mwalimu msaidizi bila mshahara.

Juu ya hofu, nitasema jambo moja la kazi. Somo la volkano lisiishie kwenye picha ya moto. Kila mara limalizie na kitu ambacho mtoto anaweza kufanya: njia ipi ya kukimbilia, nani wa kumshika mkono, rangi ipi ya tahadhari inamaanisha nini. Mtoto atoke darasani akiwa na kitu mkononi.

Na mazuku, yaani mashimo yenye gesi ya kuua. Walimu wa Himbi, Kyeshero, na wale wa Bulengo, nawaomba mnisikilize hapa zaidi ya popote. Gesi kaboni inayotoka ardhini ni nzito kuliko hewa, inajikusanya mashimoni na mabondeni, hasa alfajiri kukiwa hakuna upepo. Haina rangi, wala harufu ya kukuonya. Inaua mbuzi kabla ya mtu mzima, na inaua mtoto kabla ya mama yake, kwa sababu ya kimo. Msiwapeleke watoto kuona shimo la mazuku. Hata kwa mbali, hata kukiwa na upepo. Fanyeni hivi darasani: ndani ya ndoo wekeni mishumaa miwili, mmoja mfupi, mmoja mrefu, iwasheni. Chini, kwenye kikombe, changanyeni siki na bikabonati ile ya kupikia maharage. Mshumaa mfupi utazimika kwanza. Kisha wa pili. Hamtakuwa na haja ya kueleza kwa nini mtu haingii shimoni kumfuata mbuzi wake aliyeanguka.

Majina ya kitabu yaje mwishoni. Baada ya mawe, rula, chupa na mshumaa, mtoto ataomba majina mwenyewe, kwa sababu atakuwa na vitu vya kuita. Hapo mpe ganda la dunia, mpe mabamba, yaani vipande vyake vikubwa vinavyosogea, mpe miamba ya moto, ya mashapo na miamba geu. Mpe na ramani ya dunia akate Afrika na Amerika Kusini kwa mkasi, azisogeze pamoja. Mwaka 1912 Mjerumani Alfred Wegener alitoa hoja kwamba mabara yalikuwa yameungana, na wakubwa wengi wa sayansi walimkataa hadi baada ya kufa kwake. Leo tunajua kwamba mwamba wa kale wa Kongo na ule wa mashariki ya Brazil ulikuwa kitu kimoja, ukakatika zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Watoto wetu wanaopenda mpira watafurahi kusikia kwamba sisi na Brazil tuliwahi kuwa nchi moja.

Halafu lazima atakuwepo mmoja, mara nyingi yule anayekaa nyuma na haongei, atanyoosha mkono: mwalimu, kama tunaachana kila mwaka, siku moja hapa patakuwa bahari? Msimpe jibu la haraka. Uarabuni iliachana na Afrika kwa njia hii hii, na katikati yake ikaingia Bahari ya Shamu. Kwa hiyo inawezekana. Lakini kuna mabonde ya ufa yaliyoanza kupanuka yakaacha, kama lile la mto Benue kule Nigeria, na leo yamejaa mashapo na watu wanalima juu yake. Mwambieni ukweli wote huo, kwamba ardhi haijaamua. Mtoto anaweza kubeba jibu la namna hiyo. Mimi naamini anaweza kulibeba vizuri kuliko sisi.

Sasa mambo ya kazi. Hapa mezani kuna mawe yenye karatasi za miaka yake, na vioo vya kukuzia. Kabla ya chai kila mmoja apite, ashike, aandike tofauti tatu alizoziona, bila kumwuliza jirani. Mwalimu anayetaka jiwe la shule yake asiende kuvunja ndani ya mbuga ya Virunga. Aende kwa wale mama wanaoponda kokoto kando ya barabara, awaulize jiwe limetoka wapi, na awalipe. Safari ya barabara ya Sake tutaipanga pale tu njia itakapokuwa salama na wazazi watakapokuwa wametia sahihi. Walimu wa Himbi, Kyeshero na Bulengo, msitoke baada ya chai. Siki na mishumaa viko nyuma, tutafanya lile jaribio pamoja mara mbili, ili Jumatatu kila mmoja wenu aweze kulifanya peke yake.